Gari la Zamani Lililosahauliwa: Tulisafishe kwa Dawa Gani?

 

Mwezi huu baadhi yenu mtashangaa. Ukurasa huu umezoea kuzungumza juu ya uji wa mtoto, chanjo na usafi wa kisima. Leo tunazungumza juu ya gari. Tena si gari jipya, bali lile kuukuu lililosimama uani miaka mingi, ambalo kuku hutaga chini yake na watoto hulichezea. Mtasema, "Hayo ni mambo ya akina baba." La, wapendwa. Nani hutumwa dukani kununua sabuni? Nani huchota maji ya kuoshea? Na zile chupa zinazobaki baada ya kazi hukaa wapi, kama si jikoni kwetu? Basi jambo hili ni letu pia. Sisi tulijifunza hivyo kwa machozi, kama mtakavyoona mbele.

Yaliyotupata

Nyumbani kwetu ilikuwapo pikapu ya zamani, Toyota Hilux. Ilipokuwa na nguvu zake ilibeba viazi na mahindi yetu hadi Makambako mjini, pale barabara kuu ya kwenda Zambia inapokutana na ile ya Njombe na Songea. Kisha giaboksi ikafa. Fedha ya kuitengeneza haikupatikana: leo ada, kesho msiba, keshokutwa mbolea. Pikapu ikasukumwa chini ya mparachichi, ikakaa pale miaka 5.

Binti yetu alipopata nafasi ya chuo, tulikaa mezani na baba watoto tukahesabu fedha. Hazikutosha. Tukatazamana, kisha wote tukageuka kutazama dirishani, kule chini ya mparachichi. Mnunuzi wa kwanza alipokuja, aliizunguka pikapu mara moja, akapitisha kidole juu ya boneti, akakitazama kidole chake, akataja bei ya chuma chakavu. Tulimshukuru, tukamwomba atupe wiki 3.

Kwa haraka yetu tukaanza vibaya. Kijana wa jirani aliyejitolea kutusaidia alichukua sabuni ya unga na ule waya wa kusugulia masufuria, akaisugua boneti kwa nguvu zake zote. Matope yalitoka, na mng'ao nao ukatoka. Ilibaki mikwaruzo ya mviringo ambayo hata leo ukisimama upande wa jua utaiona. Hatukuweza kumlaumu. Vifaa vile tulimpa sisi wenyewe.

Rangi ni ngozi

Jioni ile tulikumbuka somo la siku za mwanzo katika chuo cha uuguzi. Mgonjwa akija na kidonda kichafu, huanzi na dawa kali. Spiriti ikimwagwa kwenye kidonda kibichi inaua vijidudu, lakini inaumiza pia nyama nzima inayotaka kupona. Unaanza na maji safi, tena mengi. Yakishindwa, ndipo unapanda ngazi moja. Hukimbilii juu kabisa.

Rangi ya gari ni ngozi yake. Nayo ni nyembamba sana. Matabaka yote pamoja, kuanzia lile la chini lililopakwa juu ya bati, mara nyingi hayafiki hata robo ya milimita. Kilichosuguliwa kikatoka hakirudi tena mpaka upige rangi upya, na kupiga rangi ni gharama kubwa.

Basi hii ndiyo kanuni tuliyojiwekea, nasi tunawaomba mwiandike: anza na kilicho laini kuliko vyote; panda ngazi pale tu kilicho laini kinaposhindwa; na kila dawa mpya ijaribu kwanza mahali padogo palipojificha, kama vile ukingo wa ndani wa mlango. Kwa kanuni hii utatunza rangi, na pia utatunza fedha, kwa sababu mara nyingi vitu laini ndivyo vya bei ndogo.

Wapangaji wa ndani

Kabla ya kugusa sabuni, kumbuka kwamba gari lililokaa muda mrefu lina wapangaji: panya, nyigu, buibui, pengine hata nyoka. Fungua milango yote na boneti, kaa mbali kwa nusu saa, hewa ipite. Chini ya viti peleka fimbo kwanza, usipeleke mkono.

Kinyesi na mkojo wa panya huweza kubeba maradhi. Kwa hiyo usifagie kikavu, maana vumbi lake utalivuta puani. Vaa glavu, funga kitambaa puani na mdomoni. Changanya kikombe 1 cha Jik na vikombe 9 vya maji, lowesha kinyesi na viota, subiri angalau dakika 5, kisha zoa kwa karatasi na uvifukie. Angalizo: Jik hupausha vitambaa. Viti ukivionea huruma, baada ya kuzoa uchafu vioshe kwa maji ya sabuni na uvianike juani.

Lipo pia lile vumbi jeusi la breki kwenye rimu na ndani ya magurudumu. Magari mengi ya zamani yalifungwa breki zenye asbesto, na vumbi la asbesto likivutwa huweza kuleta saratani ya mapafu miaka mingi baadaye. Usilipulize kwa mdomo wala kwa upepo wa mashine. Lilowanishe, lifute kwa kitambaa chenye maji, kitambaa hicho ukitupe.

Sabuni ipi?

Sabuni ya unga na sabuni ya mche zimetengenezwa kutoa mafuta na jasho kwenye nguo. Kwenye gari zinaondoa nta yote inayolinda rangi na kukausha mipira ya milango, na chembe za unga ambazo hazijayeyuka zinakwaruza. Inayofaa ni sabuni ya maji ya kuoshea magari, inayouzwa katika maduka ya vipuri. Chupa moja inatosha mara nyingi, kwa sababu hutumii zaidi ya kifuniko kimoja au viwili kwa ndoo.

Ikikosekana, je? Tumia sabuni ya maji ya kuoshea vyombo, kijiko 1 katika ndoo ya lita 10. Nayo huondoa nta, lakini kwa gari utakalolipaka nta upya baada ya kuosha, si neno. Usiifanye tu kuwa desturi ya kila wiki. Nunua yenye lebo na alama ya TBS, Shirika letu la Viwango lililoanzishwa mwaka 1975. Ile inayopimwa kutoka kwenye dumu lisilo na jina hujui ina ukali gani.

Wapo waoshaji wanaotia mafuta ya taa au dizeli kidogo kwenye maji ya mwisho ili gari "lilie" kwa mng'ao. Kweli linang'aa, mpaka utakapofika barabara ya vumbi. Mafuta yale yanashika vumbi kama gundi, tena yanalainisha na kuharibu mipira ya milango na vioo. Kwa vumbi letu jekundu la Kitandililo, utarudi nyumbani na gari chafu kuliko lilivyokuwa.

Namna ya kuosha ni hii. Chagua asubuhi isiyo na upepo, gari likiwa kivulini na boneti ikiwa ya baridi. Mwagia maji matupu kwanza, vumbi lishuke lenyewe; ukilifuta likiwa kavu linakuwa msasa. Kisha tumia ndoo mbili: moja ya sabuni, moja ya kusuuzia sponji kila unapomaliza kipande. Anza juu, malizia chini kwenye matope. Kitambaa kizuri ni fulana kuukuu ya pamba isiyo na kifungo wala zipu. Suuza, kausha, usiyaache maji yakauke yenyewe.

Wala tusiende kuoshea mtoni au kando ya vinyungu vyetu. Maji yale ndiyo tunayomwagilia mboga, na akina mama wa bondeni wanayachota kwa kunywa. Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli zinazoweza kudhuru maji ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto. Osha kwenye nyasi mbali na kisima.

Madoa sugu

Baada ya kuosha, pikapu yetu ilibaki na mambo matatu: kinyesi cha ndege, utomvu wa mti na lami.

Kinyesi cha ndege kilichokauka usikikwangue. Weka juu yake kitambaa kilicholoweshwa maji ya uvuguvugu kwa dakika 10, kitalainika na kufutika. Utomvu na lami paka mafuta ya kupikia kidogo, subiri dakika chache, futa polepole, kisha osha mafuta yote kwa sabuni. Huenda ukarudia mara mbili au tatu. Vumilia.

Wengi wangekwambia utumie petroli. Petroli inalainisha rangi, inashika moto hata kwa cheche ya mbali, tena ndani yake mna benzini, ambayo ikivutwa au kuingia mwilini kwa muda mrefu hudhuru uboho, pale damu inapotengenezwa. Usisafishie gari, na usinawie mikono. Vivyo hivyo mafuta ya breki yakidondoka juu ya rangi huila mara moja. Yaoshe kwa maji mengi papo hapo.

Ule unga mweupe au wa kijani kwenye vichwa vya betri una ukali wa asidi. Fundi akishafungua nyaya, ukiwa umevaa glavu paka magadi soda ya kuokea maandazi yaliyokorogwa na maji. Yatatoa povu. Povu likitulia, suuza na kausha. Magadi yasiingie ndani ya betri.

Polishi si nta

Hapa ndipo fedha nyingi hupotea, kwa sababu makopo yote yanafanana na muuzaji huyaita yote "polishi". Jiulize swali moja tu dukani: dawa hii inaondoa au inaongeza?

Ya kwanza ni dawa ya kusugulia rangi, ambayo mafundi huiita kompaundi. Hii inaondoa. Ina chembe kama msasa laini, nayo hukwangua tabaka la juu lililopauka. Zipo za chembe kubwa na za chembe ndogo. Ya pili ni polishi yenyewe. Nayo inaondoa, ila kidogo sana, ikilainisha mikwaruzo midogo. Ya tatu ni nta. Hii haiondoi kitu. Inaongeza ngozi nyembamba ya kuzuia maji, jua na vumbi.

Kwa gari lililosahauliwa, mpango ni polishi laini kwanza, kisha nta. Kompaundi inunuliwe pale tu polishi inaposhindwa, na wa chembe ndogo utangulie. Ukipaka nta bila kuondoa ile rangi iliyopauka, umefunika vumbi kwa shuka safi. Ukisugua kwa kompaundi kisha usipake nta, umevua ngozi ukaiacha juani.

Sasa fanya jaribio hili kabla ya kununua kopo kubwa. Chukua kitambaa cheupe chenye polishi kidogo, sugua mahali palipojificha. Rangi ya gari ikitoka kwenye kitambaa, usiogope: gari hilo ni la mtindo wa zamani, rangi yake ndiyo tabaka la juu kabisa. Chokaa ile iliyopauka inatoka, na chini yake kuna rangi hai. Gari la namna hii hupona vizuri ajabu. Kitambaa kikichafuka tu bila rangi ya gari, basi juu ya rangi kuna tabaka angavu kama kioo. Sugua kwa uangalifu zaidi. Na kama tabaka hilo limeanza kubabuka kama ngozi iliyoungua na jua, weka fedha yako mfukoni. Hakuna polishi duniani itakayolirudisha. Ni kupiga rangi tu.

Pikapu yetu ilikuwa ya mtindo wa zamani. Tulipoona bluu kwenye kitambaa cheupe, baba watoto alifikiri tumeiharibu tena. Baada ya kufuta, kipande kile kidogo kiling'aa kama siku tuliyoinunua. Tulisimama tukicheka kama watoto.

Kuhusu nta: nyingi nzuri zina nta ya karnauba, itokanayo na majani ya mchikichi wa aina fulani wa Brazili. Tuliulizwa na mama mmoja, "Mbona tusitumie nta ya nyuki, tunayo tele Tanzania?" Swali zuri. Nta ya nyuki huyeyuka kwenye nyuzi 62 hadi 64 za sentigredi, na boneti iliyokaa jua kali huweza kukaribia joto hilo. Karnauba huyeyuka kwenye nyuzi 82 hadi 86. Ndiyo maana ya nyuki peke yake hulainika na kushika vumbi. Tuiache kwa mishumaa na viatu. Kiwi ya viatu na polishi ya sakafu nazo zibaki mahali pake. Zile zenye rangi huacha madoa, na zote hazikutengenezwa kwa kazi hii.

Paka nta kidogo sana, kipande kwa kipande, kivulini. Ikishakauka kama ukungu, futa kwa kitambaa kingine safi. Kopo dogo linatosha gari zima na linabaki.

Vioo, taa, matairi na viti

Hapa twende haraka. Vioo: siki kikombe 1 kwa vikombe 4 vya maji, na karatasi ya gazeti. Bampa ya kromu yenye kutu ndogo: kipande cha karatasi ya alumini ya kufungia chakula, kilicholoweshwa maji, sugua polepole; kutu inatoka bila msasa. Taa zikiwa za kioo, sabuni inatosha. Zikiwa za plastiki na zimegeuka njano, polishi laini ya gari husaidia, lakini njano hiyo hurudi baada ya muda.

Matairi: brashi na sabuni basi. Dawa za kung'arisha zisiguse sehemu inayokanyaga barabara, wala breki. Na ndani ya gari usipake kitu chochote chenye utelezi kwenye usukani na pedali. Mng'ao wa pedali umewahi kumfaa nani, mguu ukiteleza?

Dawa nyingine za rimu zina asidi kali yenye floridi. Asidi hiyo ni ya hila: yaweza kupenya ngozi bila kuuma mwanzoni, kisha ikadhuru nyama, mfupa, hata moyo. Lebo ikitaja asidi ya hidrofloriki, irudishe rafuni. Sabuni na subira vinatosha.

Viti vya reksini vifute kwa maji ya sabuni na uvikaushe. Vya kitambaa visiloweshwe sana, maana kwa baridi yetu havitakauka, vitaota ukungu. Ngoja siku ya jua.

Visivyochanganywa

Wapo wanaofikiri dawa mbili pamoja zina nguvu mara mbili. Jik ikichanganywa na siki, au na dawa ya choo yenye asidi, hutoa gesi ya klorini. Ikichanganywa na dawa yenye amonia, hutoa gesi nyingine ya sumu. Ndani ya gari lililofungwa gesi hizo huweza kukuangusha. Kwa hiyo siku ya Jik iwe ya Jik, na siku ya siki iwe ya siki. Ukianza kukohoa na macho kuwasha, toka nje upesi upate hewa safi, usirudi kuchukua ndoo. Kikohozi kisipotulia au kifua kikibana, nenda hospitali.

Chupa ya soda

Sasa tuseme lile lililotuliza. Tunaona aibu kulisema, maana sisi ni wauguzi na tumewafundisha akina mama wengi kliniki jambo hili hili.

Siku ya pili ya kazi, mnyororo na bawaba za mlango wa nyuma zilikuwa zimejaa grisi iliyoganda. Tukamimina mafuta ya taa kidogo kwenye chupa ya soda, tukaiweka kwenye ngazi ya mlango wa jikoni. Dakika chache tu, tulisema. Mtoto wetu wa mwisho, wa miaka 3, alikuwa akicheza pale na kiu imemshika. Alijua chupa ya soda ni ya nini. Angejuaje zaidi?

Tulisikia kikohozi. Tulipofika alikuwa na harufu ya mafuta mdomoni, machozi yanamtoka. Jirani mmoja, kwa upendo wake wote, alikuja mbio na kikombe cha maziwa. Mwingine akasema tumtie kidole kooni atapike. Tukasema hapana kwa vyote viwili, mikono yetu ikitetemeka. Tukamvua nguo zilizomwagikiwa, tukamnawisha kwa sabuni, tukamfunika, tukapanda pikipiki na kwenda hospitali na chupa yetu mkononi. Alikaa chini ya uangalizi usiku kucha. Mungu ni mwema, mapafu yake yalipona. Tumewaona wengine wodini ambao hawakupona.

Mama, jifunze haya kwa moyo. Mafuta ya taa, petroli, dizeli na tina vikimezwa, hatari kubwa ni kuingia kwenye mapafu. Kutapika ndiko kunakovipandisha tena na kuvipeleka huko. Kwa hiyo usimtapishe mtoto. Usimpe maziwa wala mafuta ili atapike au "kuua sumu". Mpeleke hospitali mara moja hata kama anaonekana mzima, kwa sababu kikohozi na homa huweza kuanza saa kadhaa baadaye. Chukua chupa au lebo uwaonyeshe wauguzi. Hata asidi ya betri na dawa kali za kusafishia, usitapishe: kilichounguza koo kikishuka kitaunguza tena kikipanda, suuza mdomo kwa maji, wahi hospitali.

Dawa ikiingia jichoni, osha kwa maji safi yanayotiririka dakika 15 hadi 20, kope zikiwa zimefunuliwa, kisha nenda hospitali. Ikimwagika kwenye ngozi, vua nguo, osha kwa maji mengi.

Na kabla ya hayo yote: dawa ibaki katika chombo chake chenye lebo. Kamwe isiwekwe kwenye chupa ya soda, ya maji wala ya juisi. Iwekwe juu, ndani ya kabati lenye kufuli, siyo chini ya sinki. Kama duka linauza kwa kupima tu, nenda na kidumu kisichofanana na cha kinywaji, kiandike kwa herufi kubwa. Matambara yenye mafuta usiyaache karibu na jiko la mkaa. Unapochagua dawa dukani, bei iwe swali la pili, la kwanza liwe, "Hii nitaiweka wapi mtoto asifike?"

Polishi isifiche ukweli

Wiki ya tatu pikapu ilikuwa inang'aa, isipokuwa boneti na ile mikwaruzo yake. Fundi wa kijijini alikuwa ameitazama giaboksi akatuambia gharama yake. Lakini tulipoosha chini tuliona jambo jingine: kutu ilikuwa imekula fremu upande wa kushoto, bisibisi ikapenya. Rafiki mmoja akashauri tuzibe kwa bodifila na kupaka rangi nyeusi juu, mnunuzi hatainama. Usiku ule nyumba yetu haikuwa na raha. Ada ya binti ilikuwa upande mmoja. Upande mwingine walikuwapo watu tusiowajua, watakaopanda nyuma ya pikapu hiyo na viroba vyao kwenye miteremko yetu.

Asubuhi tulikubaliana. Mnunuzi aliporudi, baba watoto alimwambia ainame, akamwonyesha mahali penye kutu kabla hata ya kumwonyesha rangi. Yule baba alinyamaza kitambo, akasema atapunguza fedha ya kuchomelea fremu. Hata hivyo alitoa zaidi ya mara mbili ya ile bei ya kwanza. Akasema, "Watu wanaonionyesha ubovu wenyewe, nawaamini na mazuri yao." Fedha ile ililipa muhula wa kwanza wa chuo. Wa pili tuliutafuta kwa viazi, kama kawaida.

Basi, akina mama, kazi ya mwezi huu ni ndogo, hata kwa wasio na gari. Leo, kabla ya kulala, zungukeni jikoni, stoo na chini ya vitanda. Kila chupa ya soda au ya maji yenye kitu kisicho kinywaji, iondoeni. Mafuta yarudi kwenye chombo chake, chombo kipande juu, mlango ufungwe. Mtoto wa jirani akija kucheza, awe salama kama wenu.

Mambo mazuri hayataki haraka. Tukutane mwezi ujao.